Nimefungwa, Keti

Mwanangu Rashidi,

Desturi ya barua ni kuanza kwa kuulizana hali. Yako naijua: umekwenda Tongoni tangu asubuhi kumuaga bibi yako, na bila shaka sasa hivi unalazimishwa kula mara ya tatu. Yangu utaisoma humu ndani. Nimeswali alasiri, nimekaa uani kwenye kigoda cha mama yako, karatasi nimeziweka juu ya sinia. Karatasi zenyewe ni fomu za kiwandani za kuombea likizo, naandika upande wa nyuma. Nilibaki nazo bunda zima. Likizo nimeshapewa ndefu kuliko niliyoomba, kwa hiyo hazina kazi nyingine.

Basi lako ni kesho alfajiri. Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakwambia usilale njiani, usipokee chakula cha mtu usiyemjua, usinywe maji ya Dar es Salaam bila kuyachemsha, na umsalimu mjomba wako kabla hujaweka begi chini. Ameyasema jana, ameyarudia leo, na kesho atayasema dirishani mpaka dereva achoke. Mimi nitasimama nyuma yake nikiitikia kwa kichwa, kana kwamba yote hayo tuliyapanga pamoja. Siku hizi hiyo ndiyo kazi yangu kubwa humu ndani.

Nakuandikia kwa sababu nimeshindwa kusema. Jana mchana tulipokuwa tunakula niliinua uso nikakuita, ukasema, "Naam, baba." Nikakuomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yangu. Uliiona, nami nilijua kwamba umeiona, ukaisogeza nusu shubiri kwa adabu na kuendelea kula. Sikuwa na haja ya chumvi. Nilikuwa na haya ninayoyaandika sasa.

Watu wote wanaambiwa unakwenda kujifunza ufundi wa redio dukani kwa mjomba wako. Nikiulizwa msikitini nami najibu hivyohivyo. Lakini humu ndani tunajua wote watatu kwamba unafuata gemu. Sudi, mwenzako wa kucheza, amekwambia kuna chumba Kariakoo ambamo kila Jumapili hukusanyika vijana wa Dar, wa Unguja na wa Mombasa, wanafungana kwenye televisheni mpaka abaki mmoja, na wewe unataka nafasi kwenye mkeka ule. Sikatai. Nilikataa mara moja, na unakumbuka nilivyokataa. Kama gemu litakulisha au halitakulisha, sijui. Mimi nilishika kazi ya mashine na mafuta, kazi ambayo kila mtu aliiita kazi, na haikunifikisha mwisho. Kwa hiyo sina tena mdomo wa kumwambia mtu ipi ni kazi na upi ni mchezo.

Ninachokijua mimi ni ugeni. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliosema hivyo walimfikiria mwenyeji. Mgeni mwenyewe anaponaje hawakutuambia. Mimi niliingia mji huu mgeni kutoka Moa, kijana wa umri wako, kiwanda cha kamba kimeniajiri wiki hiyohiyo. Kule Moa nilikuwa bingwa wa bao. Usicheke. Nilianza mdogo, nachimba mashimo ardhini nyuma ya nyumba na kucheza peke yangu, mkono wa kulia unashindana na wa kushoto. Nilipofika miaka kumi na minane hapakuwa na mtu mzima kijijini aliyeweza kunifunga. Nikadhani nimeshalimaliza bao, kumbe nilikuwa nimewamaliza watu wa Moa.

Pale Ngamiani palikuwa na baraza ya Mzee Mbwana mshonaji, na bado ipo. Unamjua, yule anayeshona huku pini zimejaa mdomoni. Kanzu zako zote tangu utoto kazishona yeye, na zote mama yako ndiye aliyezipeleka na kuzifuata. Uliwahi kuniuliza kwa nini mimi huzunguka barabara ya pili nikienda sokoni. Nikakwambia kule kuna kivuli. Hakuna kivuli chochote kule.

Baraza ile ilikuwa na adabu zake. Mgeni hukaa mwisho wa benchi. Hukaa siku nyingi, anaangalia, anataniwa, anatumwa maji, mpaka siku moja mtu amwambie akae kwenye bao. Na mtu akifungwa, hakuna wa kumtangazia. Husema mwenyewe, kwa mdomo wake, "Nimefungwa," kisha huinuka na kumwambia anayefuata, "Keti." Basi. Wazee wenye wajukuu walikuwa wakiyasema hayo kila alasiri na kurudi nyumbani kula vizuri.

Mimi nilikaa mwisho wa benchi labda dakika kumi. Niliona watu wanacheza polepole, nikadhani polepole ni udhaifu.

"Hapa pana mchezaji," nikauliza, "au pana maneno tu?"

Mzee Mbwana, wakati huo bado ana ndevu nyeusi, akatoa pini mdomoni mojamoja na kuzichomeka kwenye kola yake. "We watoka wapi?"

"Moa."

"Kule kuzuri. Keti."

Bao wewe hukulipenda, kwa hiyo itabidi nikueleze kidogo. Kila mchezaji huanza na kete nyingine ubaoni na nyingine mkononi, na hizo za mkononi huziingiza mojamoja. Ukifungwa baada ya kuziingiza zote, umefungwa kama watu wanavyofungwa. Lakini ukifungwa ilhali bado umezishika, hujazitumia, huko huitwa kufungwa mkononi, na ni aibu ya peke yake. Nilifungwa mkononi. Nilikuwa bado napanga nitakavyommaliza yule mzee, akaegemea nyuma na kurudisha pini ya kwanza mdomoni. Nikatazama kiganja changu cha kushoto. Nilikuwa na kete tisa.

"Haya sema, bwana mdogo," mmoja akaniambia.

"Asemeje, na bado azihesabu," mwingine akadakia, na baraza nzima ikaangua kicheko.

Hawakuwa wabaya. Ndivyo walivyochekana wao kwa wao tangu ujana wao, na laiti ningesema lile neno moja wangenisogezea kahawa. Neno lilifika hapa, kooni. Nikasema jingine. Nikasema, "Huyu mzee ana kitu chini ya ubao." Nilimaanisha hirizi, na kila mtu alinielewa. Kisha nikaupindua ubao.

Kete zilitawanyika barazani, nyingine zikaingia mtaroni. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Walinyamaza tu, wakainama kuziokota, watu wa umri wa baba yangu, na Mzee Mbwana akageukia cherehani yake akaanza kushona. Sauti ya cherehani ile nimetembea nayo mpaka leo. Nilipofika chumbani nikavua suruali, kete moja ikaanguka kutoka kwenye pindo. Unajua kete za bao ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu. Moja yao ilikuwa imeniingia pindoni nikaondoka nayo. Ningeirudisha asubuhi. Sikuirudisha asubuhi, wala mwezi ule, wala mwaka ule. Baadaye nikasikia kwamba Mzee Mbwana ametia kifungo cha koti mahali pa komwe iliyopotea, na mchezo unaendelea.

Utaona ni jambo dogo. Hata mimi nililiona dogo. Lakini ikaja ile miaka ya dhiki, na wewe ukazaliwa ndani yake. Sukari hakuna, sabuni hakuna, kitenge hakuna, na vikija vinakuja kwa duka moja, saa moja, na kwisha. Na habari ya duka gani limepata nini ilikuwa inapatikana wapi? Barazani kwa Mzee Mbwana. Makarani, madereva, wapagazi wa bandarini, wote walipita pale, na aliyekaa pale alijua kabla ya jua kuchomoza foleni ipangwe wapi. Mimi sikukaa pale. Mama yako alikuwa anapanga foleni kwa habari za jana. Mwezi mmoja tulikufulia nguo zako kwa majani ya mpapai, na akinamama wa nyumba ya pili wana sabuni kwa sababu mume wa mmoja wao alikuwa anafungwa bao kila siku na kusema nimefungwa. Mama yako hakuwahi kujua kwa nini mumewe hana baraza. Nilimwambia sipendi umbeya. Mpaka leo ananisifu kwa watu kwamba sipendi umbeya.

Kisha ikaja ruksa ya biashara. Bidhaa zikafurika, mitumba, redio, televisheni, vitu ambavyo tulikuwa tunaviona mikononi mwa mabaharia tu. Kila kitu kikawepo isipokuwa kazi. Kamba za mkonge zikakosa mnunuzi, kwani kamba za plastiki zilikuwa zinaingia kwa marobota. Na Abuu akarudi kutoka Dubai na televisheni yake na mashine yake ya gemu, akatandika mkeka katika chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu mama yake, na wewe ukapotelea humo.

Nilikuona unavyorudi siku za mwanzo, macho mekundu, husemi. Nilidhani ni bangi. Nikanusa mashati yako, Mungu anisamehe, yakawa yananuka jasho tu. Kisha ukatengeneza kile kibao, kipande cha mbao umekigongomelea vizibo vya soda mfano wa vitufe vya padi ya gemu, ukakaa nacho uani ukigonga vizibo kwa dole gumba saa nzima, macho umefumba. Ulifanya hivyo hasa siku za mgao, umeme ukiwa umekatwa na kwa Abuu hakuchezeki. Nikamwambia mama yako mtoto amerukwa na akili. Ni mimi huyo niliyesema, mtu aliyekua akicheza bao peke yake kwenye mchanga nyuma ya nyumba. Nilikuwa nakutazama kutoka mlangoni na sikujitambua.

Sasa nifike kwenye ile Jumamosi, maana ndiyo barua yote.

Asubuhi ile tuliitwa getini tukasomewa karatasi. Kiwanda kimefungwa. Nilisimama pale nikaliwaza neno hilo: mlango hufungwa, mhalifu hufungwa, mtu hufungwa bao, na kiwanda nacho. Miaka ishirini na ushei nilikuwa nakaa na mashine moja ya kusokota, naijua kwa sauti inapoumwa. Kulikuwa na gia niliyotaka kuibadilisha mwaka ule, nilikuwa nimeshaichora. Nikatoka pale na mchoro wangu mfukoni na mikono yangu miwili mizima. Sikwenda nyumbani. Nikaulizia uliko, nikaambiwa uko kwa Abuu.

Nilichokiona mlangoni ni wana wa watu zaidi ya ishirini wamebanana kwenye mkeka, wamekaa kimya, na wewe umekaa mbele na yule Sudi wa Mombasa, jasho linakutiririka. Kwenye kioo watu wawili wa kuchorwa walikuwa wanapigana mateke. Basi. Ndivyo nilivyoona. Baba yako amefungiwa geti, na mwanawe wa kiume anatoka jasho kwa ajili ya watu wa kuchorwa. Nikapita juu ya miguu ya watu nikachomoa waya ukutani.

Kioo kikaishia kidoa cheupe katikati, kikazima. Na ukaja ukimya. Rashidi, niliutambua ukimya ule. Nilikuwa nimeusikia mara moja tu maishani, kete zikiwa zinabingirika mtaroni. Kilichokosekana ni cherehani.

Nilitegemea utanijibu. Nilitaka unijibu, nipate pa kuziweka hasira zangu. Wewe ulizungusha waya wa padi vizuri, ukaiweka juu ya mkeka, ukamgeukia Sudi na kusema, "Nimefungwa." Kisha ukainuka, ukamgusa bega kijana aliyekuwa nyuma yako, ukamwambia, "Keti." Ukapita mbele yangu, ukasema shikamoo, ukatoka.

Sikuwahi kukufundisha maneno yale. Mimi mwenyewe sikuwa nayo.

Tangu siku ile una adabu nami kupita kiasi. Shikamoo baba, naam baba, ndiyo baba. Heri ungenipigia kelele. Mwezi wa kwanza nilijiambia ni hasira ya kitoto, itapita. Mwezi wa tatu nikaona wewe huna hasira, umeinuka tu, kama mtu aliyeinuka barazani na kwenda zake nyumbani. Nikaanza kutafuta njia ya kurudi, na sikuijua, kwa hiyo nikaanzia mbali.

Nilichukua ile komwe. Ilikuwa miaka yote hiyo ndani ya kopo la misumari. Nikaenda kwa Mzee Mbwana, kwa njia iliyonyooka. Macho yake sasa yana ukungu, mjukuu wake ndiye anayetunga uzi kwenye sindano, lakini pini bado anazishika mdomoni. Nikatoa salamu, nikaiweka komwe mbele yake. Akaipapasa.

"Wewe ndiye wa Moa," akasema.

"Ndiye."

"Umekawia, bwana."

Nikamwomba radhi kwa lile neno la hirizi. Akalipungia mkono kama inzi. Kisha akanambia jambo ambalo ningependa asingelisema. "Mie nilikungoja wiki nzima. Nilishakutengea nafasi hapa ubavuni mwangu. Wageni wakifungwa nami siku ya kwanza hubaki na kete kumi na tano, kumi na saba mkononi. Wewe ulibaki na tisa. Nikasema, huyu akitulia nitamfundisha." Alikuwa anaongea huku akiipindua ile komwe vidoleni. "Kisha nikaona huji. Ningekufuata mie, lakini ulikuwa umenitukana, nami nilikuwa na kiburi changu. Basi tukakaa hivyo."

Nikamwambia airudishe kete ubaoni. Akacheka, akaisukuma kwangu.

"Kaa nayo. Bao limeshazoea kifungo."

Nilikaa kidogo mwisho wa benchi, nikaangalia vijana wanavyocheza na kile kifungo, kinapita shimo kwa shimo pamoja na wenzake bila mtu kukishangaa. Kisha nikaondoka.

Baada ya hapo nikaenda kwa Abuu. Hili hulijui, ilikuwa siku ile ulipompeleka mama yako hospitali kutazamwa jino. Nikavua viatu mlangoni, nikakaa mwisho wa mkeka. Vijana waliutazama waya ukutani, wakanitazama mimi, mmoja akasogea akakaa kati yangu na ukuta. Sikumlaumu. Nikakaa mpaka adhuhuri. Mwishowe Abuu akanionea huruma, akanipa padi, akanipanga na binti wa jirani yake ambaye hata meno ya mbele hajamaliza kuota. Mwanangu, mchezo wenu ni mgumu. Nilipigana dakika nzima nikiwa na furaha, namwona mtu wangu anavyopiga, kumbe yule alikuwa ni wa yule mtoto na wangu ndiye aliyekuwa chini. Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu yule binti akaweka padi chini, akaningoja. Chumba kizima kikaningoja.

"Sema, babu," akanambia kwa upole.

Nikasema, "Hii padi yenu mbovu."

Wakacheka, nami nikacheka, na nikatamani ardhi ipasuke. Miaka ishirini, na neno limekwama palepale.

Sudi ndiye aliyenitoa nje. Tukasimama kwenye kivuli cha ukuta, akaniuliza habari zako, kisha akasema, "Mzee, siku ile mwanao alikuwa ashanimaliza. Raundi ya mwisho, nilibakiwa na pumzi ya pigo moja." Nikamuuliza mbona ulisema umefungwa. Akanitazama kama mtu anayeeleza jambo la wazi. "Aliyevuruga ni wa kwake. Hapa ukija na mtu wako akavuruga, umefungwa wewe. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema mwenyewe."

Akanieleza na mengine. Kwamba ulipoingia mara ya kwanza ulikaa wiki tatu bila kugusa padi. Kwamba ulikuwa huangalii kioo, ulikuwa unaangalia mikono ya watu. Kwamba ulifungwa na kila mtu pale ndani, na kila aliyekufunga ulimfuata nje ukamuuliza, "Hebu niambie, umenifungaje?" Wengine walikucheka, wengine wakakueleza, na waliokucheka ndio waliokuja kuinuka mbele yako.

Nilirudi nyumbani taratibu. Nilikuwa nimekaa siku nyingi nikikuwekea mawaidha ya ugenini, ya kukaa mwisho wa benchi, ya kuuliza, ya kutoona haya. Nikakuta umeshayafanya yote bila mimi, chini ya pua yangu, na mimi nikinusa mashati. Sasa unakwenda mji nisioujua, kwa watu nisiowajua, kucheza mchezo ambao siwezi hata kumtambua mtu wangu kwenye kioo. Sina wa kumwandikia akupokee isipokuwa mjomba wako, naye ananiona mimi mzigo. Sina hata ufundi wa kukurithisha, maana mashine yangu iko nyuma ya kufuli inakula kutu. Huwa naamka na kuwaza nikupe nini, nazunguka chumba kizima na kurudi kitandani.

Nitakuomba mawili tu, wala si kwamba nayajua kuliko wewe. Yamenipata, basi.

Kule watakufunga mkononi. Wewe ni fundi wa chumba cha Abuu, nami nilikuwa bingwa wa Moa. Jumapili ya kwanza atatokea mtu atakayekumaliza kabla hujatumia hata pigo moja kati ya yale uliyoyagongea vizibo uani, nawe utabaki umeshika padi, vidole vimejaa vitu ambavyo hukupata nafasi ya kuvitoa. Na una damu yangu. Nimeshaiona siku moja moja ikikupanda shingoni. Ikikupanda, kumbuka kwamba huenda mtu huyo anayekucheka ameshahesabu zilizobaki mkononi mwako, na ameona ni chache kuliko za wengine. Rudi Jumapili ya pili.

La pili ni la siku ambayo wewe utakuwa mwenyeji. Ataingia mgeni ana kelele, ametoka kijijini kwao hajafungwa na mtu. Utamfunga, neno litamkwama, na atavuruga. Usimngoje wiki nzima. Mfuate mtaani siku hiyohiyo, hata kama amekutukana, mwambie arudi. Mzee Mbwana aliningoja mimi, mimi nikamngoja yeye, na kifungo kikakaa mahali pangu.

Nasikia mlango. Ni wewe, umerudi. Mama yako anakuuliza bibi kala nini, na wewe unamjibu kwa sauti ile unayomjibia yeye, ambayo mimi sijaisikia ikisemeshwa kwangu tangu ile Jumamosi. Ningeinuka sasa hivi nije nikwambie uso kwa uso. Najijua. Nikifika hapo nitakuuliza kama barabara ya Tongoni ina vumbi.

Kwa hiyo barua hii nitaisukuma katikati ya mashati, chini ya lile la bluu, ambako hutaiona mpaka utakapofungua begi kwa mjomba wako. Komwe sikutii. Ni yangu, nilishaambiwa nikae nayo. Kile kibao chako cha vizibo nilikuta mama yako amekiweka kwenye kuni. Nimekitoa, nimekifuta, kiko chini kabisa ya begi, kimefungwa kwa kanga yake ya zamani. Kizibo kimoja kilikuwa kimelegea, nimekigongomelea upya. Hilo tu ndilo nililoweza kutengeneza.

Kesho utapanda basi, utanipa mkono, utasema shikamoo, nami nitasema marahaba, na hakuna kitakachoonekana. Lakini nimekwisha andika, na wino haurudi kalamuni. Ile raundi ilikuwa yako. Nilichomoa waya kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimefungwa asubuhi ile, na sikujua kulisema mbele ya watu, wala mbele ya mama yako, wala mbele ya mtoto asiye na meno. Nalisema kwako, wa kwanza.

Nimefungwa, mwanangu. Nimeinuka. Keti.

Baba yako